Kiatu Kinachojua Kuachia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kagure alikuwa na kazi ambayo hakukubali mtu mwingine aifanye: kutikisa mzigo wa baba yake. Baba yake, Gikonyo, alibeba maziwa na kabichi kwa pikipiki kutoka mashambani hadi mjini Naro Moru. Akishapanga mitungi na magunia, alivifunga kwa blada, yaani vipande virefu vya mpira vinavyokatwa kutoka tyubu kuukuu za magurudumu. Kisha alisimama kando, akakunja mikono na kusema, "Haya, mkaguzi. Fanya kazi yako."

Kagure, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye miguu myembamba na mikono yenye nguvu, aliushika mzigo na kuutikisa kana kwamba ana ugomvi nao. Ukisogea hata kidogo, Gikonyo alifungua kila kitu akaanza upya. "Kitu kikifungwa, kifungwe," alisema. Hakuna aliyewahi kuona mtungi wa Gikonyo ukibingirika barabarani, na mwenyewe hakuona haya kukueleza hivyo hata kama hujamuuliza.

Hivyo ndivyo Kagure alivyokua, akiamini kwamba kitu kilichofungwa vizuri ni kile kisichoachia kamwe. Kwa mitungi ya maziwa, alikuwa sawa kabisa. Ubaya ulikuja alipoipeleka imani hiyo majini.

Nje ya mji kulikuwa na bwawa kubwa la kunyweshea mashamba, lililoitwa Nduriri. Klabu moja ndogo ya michezo ya majini ilikuwa na boti pale, na kila Jumamosi iliwafundisha watoto wa majirani bila malipo. Kwanza walijifunza kuogelea, kisha kuteleza kwa skii. Skii ni ubao mrefu, mwembamba, uliopinda kidogo mbele, wenye kiatu cha mpira kilichokazwa juu yake kwa skrubu. Unavaa mbili, unashika kamba, boti inakuvuta, na ukijaliwa unasimama juu ya maji. Usipojaliwa unayanywa, na maji ya Nduriri yanatoka mlimani, baridi hata meno yanauma.

Waliojaliwa kuliko wote walikuwa Kagure na rafiki yake Shiku. Walikuwa majirani na darasa lao lilikuwa moja. Shiku alikuwa mdogo wa umbo, mcheshi, na alipoanguka alicheka kabla hata hajatema maji. Wote wawili walikwisha kuzizoea skii mbili. Kilichobaki ni slalomu, yaani skii moja tu inayobeba miguu yote miwili: mmoja mbele ndani ya kiatu, mwingine nyuma yake. Anayeweza slalomu hupinda huku na huko nyuma ya boti, na maji huruka kando yake kama ukuta.

Jumamosi moja, mwalimu wao aliwakusanya ufukweni. Jina lake lilikuwa Kajuju, mwanamke mrefu kutoka Meru, ambaye alisema jambo mara moja na kutarajia lisikike mara moja.

"Jumamosi ijayo mchana, tutakuwa na wageni kutoka klabu ya Naivasha," alisema. "Wanatafuta mtoto mmoja wa kufanya nao mazoezi likizo yote ya Aprili. Lakini wanataka anayeweza slalomu."

Likizo nzima majini! Kagure alijiona tayari huko Naivasha.

"Sasa, msikimbilie mbele," Mwalimu Kajuju akaendelea. "Slalomu tuliyo nayo ni ya mtu mzima. Nimeomba ndogo kila mahali, sijapata. Ikikosekana, mtaonyesha kwa skii mbili."

"Lakini kwa mbili hatutachaguliwa, Mwalimu," Kagure alisema.

"Huenda msichaguliwe. Lakini mtarudi nyumbani na magoti yenu."

Watoto walicheka. Kagure hakucheka. Baadaye aliingia stoo kisirisiri, akatia mguu ndani ya kile kiatu cha slalomu. Ulicheza humo kama kokoto ndani ya mkebe. Alisimama akikitazama, na mawazo yake yakaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya baba yake.

Ijumaa baada ya shule alikwenda bwawani peke yake. Alimkuta Kingori, dereva wa boti, ambaye pia alitunza ufunguo wa stoo.

"Anko Kingori, Mwalimu amesema nichukue ile slalomu nipelekee baba aitengeneze."

"Amesema saa ngapi? Mbona hajaniambia?"

"Simu yake haikuwa na chaji."

Uongo wa pili huja wenyewe, hauhitaji kuitwa. Kingori alikuwa mtu mwema asiyependa kumshuku mtoto. Alimfungulia stoo, hata akamsaidia kuubeba ubao hadi langoni.

Nyumbani, Gikonyo alipousikia ujumbe huo uso ulimng'aa. "Mwalimu amenitaja mimi? Kwa jina?"

"Ndiyo, Baba."

"Nduta!" alimwita mkewe jikoni. "Njoo uone mambo! Ati klabu iko na boti, iko na injini, na bado inamtafuta mtu wa pikipiki!" Alicheka kwa furaha ya kweli, akaenda kunawa mikono kabla ya kuushika ule ubao. Kagure alimtazama akiipangusa mikono hiyo kidole kwa kidole.

Gikonyo aliuzungusha mkononi, akakibonyeza kiatu. "Amesema nikifunge namna gani?"

"Mguu usicheze hata kidogo."

"Na mtu akianguka je? Si mguu unafaa kutoka?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na baba yake mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kagure aliutazama, kisha akaufunga.

"Amesema usitoke, Baba. Ukitoka, skii inapotea majini."

Gikonyo alijikuna kidevu. Haikumwingia vizuri akilini, lakini yeye hakujua mambo ya majini, na mwalimu ni mwalimu. Alikata sponji ya godoro akaipanga ndani ya kiatu hadi kikapungua. Kisha akachagua blada nzuri, akaipitisha chini ya ulimi wa kiatu, akaizungusha kwenye kifundo cha mguu wa Kagure na kufunga fundo nyuma ya kisigino. Akaushika ule ubao akautikisa. Mguu na ubao vilikwenda pamoja.

"Hata ng'ombe hautoi!" alisema. "Ukitaka kufungua, unavuta mkia huu. Umeona?"

Kagure alikuwa ameona. Usiku huo alijigeuza sana kitandani.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mazoezi kabla ya wageni kufika. Kingori akiwa kwenye boti akiandaa injini, Mwalimu Kajuju aliuona ule ubao mikononi mwa Kagure akakunja uso.

"Nilisema nini kuhusu slalomu hii?"

"Ulisema haitutoshi, Mwalimu. Baba ameitengeneza. Sasa inatosha."

Mwalimu aliingiza mkono ndani ya kiatu, akaipapasa sponji iliyokatwa vizuri. Hasira yake ilipungua kidogo. "Vaa, nione. Simama hapo kwenye nyasi. Sasa zungusha mguu uutoe bila kutumia mikono."

Kagure alikuwa ameliwaza hilo. Njiani alikuwa ameilegeza blada na kuificha yote chini ya ulimi wa kiatu, isionekane. Alizungusha mguu, nao ukatoka.

"Tena," alisema Mwalimu. Ukatoka tena.

"Kazi nzuri. Mwambie baba yako asante. Kuna jambo lingine ninalofaa kujua?"

"Hapana, Mwalimu."

Mwalimu alitazama saa, akatazama barabara ambayo wageni wangekuja nayo, akaelekea kwenye boti. Kagure alishuka majini akiwa amevaa suti yake ya mpira na jaketi la kuelea. Aliwapa wenzake mgongo, akazama hadi shingoni, na huko chini akaivuta blada ikakaza.

Boti ilinguruma. Kamba ilinyooka, maji yakamsukuma kifuani, akafikiri mikono itang'oka. Mara akawa amesimama! Miguu miwili juu ya ubao mmoja, upepo wa mlimani usoni, na kila alipoegemea upande ubao ulimtii. Alizunguka bwawa zima bila kuanguka. Watoto ufukweni walipiga kelele, na Mwalimu Kajuju, ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo, alitabasamu.

Alipofika karibu na ufukwe aliachia kamba, akazama polepole. Akapeleka mkono kisiginoni, akautafuta mkia wa blada. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alivuta, fundo halikufunguka. Mpira uliolowa ulikuwa umejikaza wenyewe. Alivuta tena na tena, akameza maji, akahangaika mpaka likaachia, na wakati wote huo maji yalikuwa yametulia na yeye hakuwa ameumia popote.

Hapo alielewa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu, alikuwa ameona mwenyewe. Na hapo ndipo alipopaswa kusema.

"Shiku, zamu yako!" Mwalimu aliita kutoka kwenye boti. "Kagure, panda uwe mtazamaji."

Dereva wa boti hutazama mbele, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa akitazama nyuma, amweleze yanayompata aliye majini. Watoto wa klabu walifanya kazi hiyo kwa zamu, na Mwalimu alikaa mbele kando ya Kingori. Kabla ya kupanda, Kagure alimpelekea Shiku ule ubao.

"Kagure, mguu wangu unacheza," Shiku alinong'ona alipouvaa. "Kwako ulikaa aje?"

Kama angemwambia Shiku asiende, Mwalimu angeuliza sababu. Kama angetaja blada, slalomu ingerudishwa stoo, na Naivasha ingekwenda nayo. Kagure aliinama, akaizungusha blada kwenye mguu mwembamba wa rafiki yake, akaifunga jinsi baba yake alivyomwonyesha.

"Usimwambie mtu. Ukimaliza, vuta mkia huu."

"Na nikianguka?"

"Huwezi kuanguka," Kagure alisema. "Mimi sikuanguka."

Boti iliondoka. Kagure alikaa akitazama nyuma, kitambaa chekundu cha ishara mkononi. Shiku aliinuka kwa shida, akayumba, akasimama. Hakuwa akicheka. Ubao ulikuwa mrefu mno kwake. Ulimpeleka kushoto alipotaka kulia, na ncha yake ilipiga maji kila mara.

"Anaendeleaje?" Kingori aliuliza bila kugeuka.

Neno moja tu lilihitajika. "Simama," na Kingori angepunguza mwendo, na Shiku angezama taratibu. Neno lilikuwa mdomoni mwa Kagure. Lakini wangeuliza, simama kwa nini?

"Anaendelea vizuri," alisema.

Ncha ya ubao ilijichimba majini. Shiku alirushwa mbele, akageuka hewani, lakini ubao haukumwacha. Ulibaki mguuni, ukashika maji kwa upande, ukausokota mguu wake. Mlio aliotoa haukuwa wa mtu aliyeshtuka kwa baridi. Ulikuwa wa maumivu.

"Ameanguka!" Kagure alipiga kelele akiinua kitambaa. "Ameanguka, ameanguka!"

Kingori aligeuza boti na kuzima injini. Jaketi la Shiku lilimweka juu, lakini ubao ulikuwa ukiinuka pamoja na mguu uliopinda, ukimlaza ubavu. Uso wake uliingia majini, ukatoka, ukaingia tena. Mwalimu Kajuju alijirusha, akamfikia, akamwinua kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alivuta kiatu. Shiku alipiga yowe.

"Mbona hakitoki?" Mwalimu alifoka. "Kagure! Si kilitoka nchi kavu?"

Akavuta tena. Shiku akapiga yowe lingine, jembamba zaidi. Na Kagure pale kwenye boti alijua kwamba kila mvuto unakaza lile fundo.

"Usivute, Mwalimu!" Sauti ilimtoka kwa kilio. "Kuna blada! Niliificha! Iko chini ya ulimi wa kiatu, na fundo liko nyuma ya kisigino! Ukivuta inakaza!"

Mwalimu alimtupia jicho moja tu. "Kingori, kisu!"

"Kata upande wa nje, juu ya kisigino," Kagure aliendelea, akilia na kuelekeza. "Chini kidogo. Hapo, hapo hapo!"

Blada ilikatika. Ubao ukaelea peke yake, na Shiku akajilaza begani mwa Mwalimu akikohoa na kutetemeka.

Wageni wa Naivasha walipofika, hawakumkuta mwalimu wala boti majini. Mwalimu alikuwa amempeleka Shiku hospitali, goti likiwa limevimba vibaya. Wageni walisubiri, wakapewa pole, wakaondoka. Nafasi ile ilichukuliwa na mtoto wa klabu nyingine, na Kagure alipoambiwa, alishangaa kuona kwamba haikumuuma alivyofikiri. Kitu kingine kilikuwa kikimuuma zaidi.

Jioni hiyo Gikonyo alifika bwawani kumchukua Kagure. Kingori alimweleza yote, naye Gikonyo akasema aliyoambiwa yeye, na uongo wote ukawa mezani. Kweli njia ya mwongo ni fupi. Gikonyo aliokota kile kipande cha blada kilichokatwa, akakigeuzageuza mkononi.

"Mimi ninafunga mizigo," alisema. "Mzigo hauna goti, Kagure. Nilikuuliza, na mtu akianguka je? Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Kagure alinyoosha mkono kukichukua kile kipande, lakini baba yake hakukiachia.

"Watu huniamini kwa sababu ya mikono hii. Wewe umeichukua ukamuumiza nayo mtoto wa jirani, na mimi mwenyewe sina habari. Nimecheka hata nikamwita mama yako aone." Sauti yake ilikatika. Kagure hakuwa amewahi kumwona baba yake hivyo. Angependelea kuchapwa.

Kesho yake, baada ya kanisa, baba na binti walikwenda kwa kina Shiku na maziwa na viazi, maana huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Mama Shiku aliwakaribisha kwa sababu adabu ilimtaka, si kwa sababu moyo ulimtaka. Kagure alieleza kila kitu mwenyewe, bila kuruka jambo, hata lile la "anaendelea vizuri".

"Daktari amesema mishipa ya goti imevutika, haijakatika," Mama Shiku alisema. "Tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto wangu hatapanda tena kitu kilichofungwa na nyinyi. Mnisamehe kwa kusema hivyo."

Gikonyo aliinamisha kichwa. Shiku alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umefungwa bendeji.

"Nilikuuliza, na nikianguka," alimwambia Kagure. Hilo lilitosha kumliza Kagure njia nzima ya kurudi.

Mwalimu Kajuju hakumfukuza klabuni, ingawa Kagure alingojea kufukuzwa. Alimwita stoo, pamoja na Gikonyo.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilikagua haraka kwa sababu wageni walikuwa njiani. Mwalimu hafai kukagua haraka. Sasa, tuitengeneze hii kazi inavyotakiwa."

Aliwaonyesha skii ndogo ya watoto iliyoachwa pembeni kwa sababu mwenzake alikuwa amepasuka. "Hii ina urefu wa mtoto na kiatu cha mtoto. Haijakuwa slalomu kwa sababu mbili tu: haina pa kutia mguu wa nyuma, na pezi lake, kile kibao cha chini kinachokata maji, ni dogo, litateleza kwenye kona."

Walifanya kazi hiyo mchana kutwa. Mwalimu alipima nafasi ya mguu wa nyuma akimsimamisha Kagure juu ya ubao, magoti yamekunjwa. Nyuma ya kiatu walikaza kitanzi cha mpira cha kupitisha vidole, kwa skrubu fupi zisizotoboa ubao, na kila tundu likazibwa kwa gundi ili maji yasiingie. Pezi dogo waling'oa, wakaweka lililo refu zaidi. Gikonyo alishika bisibisi na, kwa mazoea, akakikaza kile kitanzi kabisa.

"Hapana, Baba Kagure," Mwalimu alisema. "Vidole viingie kwa sabuni kidogo, visimame imara, na mtu akisokotwa, vitoke. Kiatu kizuri kinashika mguu, tena kinajua kuuachia."

"Hii ni kazi ngumu kuliko yangu," Gikonyo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu. Akakilegeza.

"Kagure," Mwalimu akageuka. "Lazima mtu akijaribu kiatu hiki. Kazi yako si kusimama. Kazi yako ni kuanguka."

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi, wenzake walipojifunza kusimama, Kagure alianguka. Alianguka kushoto, alianguka kulia, alianguka kifudifudi na kichalichali, boti ikienda polepole, kisha haraka zaidi. Maji yalimwingia puani na masikioni. Kila alipoibuka, Mwalimu aliuliza kutoka kwenye boti, "Kimeachia?"

Siku moja kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi, na midomo ya Kagure ilikuwa imegeuka rangi. Alianguka upande wa kulia. Kiatu kilitoka, lakini kilisita, kikamvuta kifundo kabla ya kuachia.

"Kimeachia?" Mwalimu aliita. "Kama kiko sawa, tumalize, mwende mkaote moto."

Kagure alitetemeka. Chai ilikuwa ikichemka ufukweni, aliiona kwa macho. Hakuna aliyehisi kule kusita ila yeye.

"Kimechelewa kidogo, Mwalimu," alisema. "Upande wa kulia."

Watoto wengine waliguna. Walirudi stoo, wakakilegeza kiatu na kukirudisha nyuma tundu moja, na Kagure akaingia tena majini akaanguka upande wa kulia mpaka kusita kukaisha.

Mvua ndefu zilikuwa zimepungua daktari alipomruhusu Shiku kurudi. Alikuja akitembea vizuri, na mama yake alikuja naye. Mama Shiku alisimama ufukweni, leso imekazwa kiunoni, akaitazama ile slalomu ndogo kwa jicho lisilo na urafiki. Mwalimu Kajuju alimweleza kuhusu kitanzi, pezi na skrubu. Alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akamgeukia Kagure.

"Wewe. Kinaachia?"

Kagure aliulaza ule ubao kwenye nyasi kati yao.

"Kinaachia, Mama Shiku," Kagure alisema. "Nimeanguka nacho pande zote. Mara moja kilikuwa kinachelewa kulia, tukakirekebisha, nikaanguka tena. Sasa hakichelewi. Lakini Shiku naye ajaribu hapa kwanza mwenyewe, kwa sababu mguu wake si wangu."

Mama Shiku alimtazama usoni, akamtazama tena. Shiku alivaa kiatu kwenye nyasi, akausokota mguu, ukatoka. Akarudia. Ukatoka.

"Basi apande," mama yake alisema.

Safari hii Kagure hakungoja kuulizwa. Alikaa nyuma ya boti na kusema kila alichokiona: ameinuka, anayumba kidogo, amesimama, ananyooka. "Anataka kupinda kushoto! Amepinda! Ame... ameanguka! Simama, anko, simama!"

Ufukweni Mama Shiku alishika mdomo. Ubao uliibuka kwanza, peke yake, ukielea kwa amani. Kisha kichwa cha Shiku kikaibuka mbali nao. Alikuwa akicheka hata kabla hajatema maji.

"Nipeni tena!" alipiga kelele. "Kagure, umeona nilivyopinda?"

"Nimeona!" Kagure alijibu, na machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Walipomaliza, Mwalimu Kajuju alimkuta akiukausha ubao kwa kitambaa. Aliketi karibu naye kwenye mbao za gati.

"Klabu ya Naivasha itarudi Agosti," alisema. "Mtajaribu wote wawili. Lakini kuna jambo nataka ulikumbuke kuliko Naivasha. Ile slalomu ndogo niliikagua mimi. Mimi ndiye mwalimu. Lakini Mama Shiku alipotaka kujua kama mtoto wake atakuwa salama, hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe."

Kagure aliacha kufuta.

"Mtu akisema uongo, hata mikono mizuri ya wengine inafanya ubaya bila kujua. Akisema ukweli, hata unaomchelewesha kwenye moto, wengine wanaweza kumkabidhi mtoto wao. Wewe umeviona vyote viwili ndani ya miezi michache. Chagua vizuri, mama. Kuaminiwa huja polepole, na ukikupoteza mara ya pili, sijui kama Mama Shiku atakuuliza tena."